Vitabu vya Nakuru Vikihojiana

Mtu akitaja London mbele ya mkaazi wa Nakuru sharti afafanue ni London ipi, maana tuna yetu hapa, mtaa kamili wenye matatu zake na makanga wake wanaoita abiria. Leo nitaitaja ile nyingine, ya Uingereza, pamoja na Paris, Toronto na New York. Mji huu wetu umeandikwa katika vitabu vinavyosomwa kote duniani, na vingi kati ya hivyo vilichapishwa, vikatuzwa na kuhakikiwa ng'ambo. Hadithi ilitoka Nakuru, hukumu ikatolewa kwingine.

Nataka tuzungumze kuhusu hukumu hiyo. Fasihi ya dunia ni nini, nani huipima, na mpimaji huwa amesimama wapi anapopima? Swali hili lina maprofesa wake, nao nitawataja, lakini sitawaachia kipindi. Nitaweka mezani vitabu vinne ambavyo Nakuru na Njoro zimo ndani yake. Hapo mbele kitakuja cha tano, ambacho huenda ukawa umekisoma tayari bila mtu yeyote kukuambia kwamba kina uhusiano na dunia. Nami nina dai moja tu leo: mhakiki hodari wa kitabu cha Nakuru ni kitabu kingine cha Nakuru.

Tuanze na maprofesa ili tuwamalize mapema.

Januari 1827, katika mji wa Weimar, mshairi Mjerumani Goethe alikuwa amesoma riwaya ya Kichina iliyotafsiriwa. Akamwambia msaidizi wake, Eckermann, kwamba fasihi ya taifa moja moja imeanza kupitwa na wakati, na kwamba zama za fasihi ya dunia zinabisha hodi. Miaka 80 baadaye, 1907, Rabindranath Tagore alitoa mhadhara juu ya wazo hilohilo huko Bengali. Alikataa fasihi ihesabiwe kama viploti, hiki cha fulani na kile cha fulani, halafu mtu ajumlishe na kusema hii ndiyo dunia. Kwetu Nakuru, ambako kesi za mashamba hurithiwa kama majina, Tagore anaeleweka upesi.

Kuanzia mwishoni mwa karne hiyo wakaja wataalamu wa vyuo vikuu. Pascale Casanova, Mfaransa, aliandika mwaka 1999 kwamba fasihi ina jamhuri yake, jamhuri hiyo ina mji mkuu, na mji huo ni Paris. Waandishi wote, alisema, hupimwa umbali wao kutoka hapo, kama saa za dunia zinavyopimwa kutoka Greenwich. Sawa. Greenwich ni yao, lakini ikweta inapita hapa Mogotio, na watu husimama pale kando ya barabara kupiga picha. Mwaka 2000 Franco Moretti, Mwitaliano, akasema vitabu vya dunia vimezidi uwezo wa mtu kusoma, basi afadhali tuviangalie kwa mbali na kutafuta mikondo, huku tukitegemea wataalamu wa kila nchi watusomee. Sijui atatusomea nani sisi. Kisha 2003 David Damrosch wa Marekani akatoa maelezo ambayo sasa yanafundishwa kila mahali: kitabu huwa fasihi ya dunia kinapotoka kwao na kuishi kwingine, ama katika lugha yake ama katika tafsiri.

Kwa kipimo cha Damrosch, vitabu vyetu vinne vimefaulu bila shida. Vyote vimetoka na kuishi ng'ambo. Kipimo hicho kinaeleza vizuri safari ya kwenda. Ya kurudi hakielezi.

Kitabu cha kwanza ni cha Beryl Markham, *West with the Night*, kilichotoka Marekani mwaka 1942. Markham alizaliwa Uingereza 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto wa miaka minne hivi, na akakulia Njoro, katika shamba la baba yake aliyefuga na kufunza farasi. Ndiye yule mwanamke aliyevuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936, kutoka mashariki kwenda magharibi, upepo ukimpiga usoni safari nzima. Kitabu chake kilisifiwa kisha kikasahaulika, hadi ilipogunduliwa barua ambamo Hemingway alikimwagia sifa. Kikachapishwa upya 1983, na mwandishi akapata umaarufu akiwa bibi kizee hapa Kenya, miaka mitatu tu kabla ya kufariki.

Huko nje, ubishi mkubwa kuhusu kitabu hiki umekuwa mmoja: je, alikiandika mwenyewe, au kiliandikwa na mume wake wa tatu, Raoul Schumacher? Makala yameandikwa na ushahidi ukapimwa. Huu ndio uhakiki wa kumfuata mwandishi nyumbani kwake, kumpekua maisha yake ili kuijua kazi yake. Una faida zake. Lakini msomaji aliyekulia Njoro akifungua kitabu hiki, jicho lake linakwenda kwa mtu mwingine kabisa. Linakwenda kwa Kibii.

Kibii alikuwa mtoto mwenzake Beryl, wakicheza na kwenda porini pamoja. Baba yake, arap Maina, alikuwa miongoni mwa wanaume waliomfundisha msichana yule Mzungu kushika mkuki na kunyatia mnyama. Arap Maina akaenda katika Vita Vikuu vya Kwanza, vita vya Wazungu, na hakurudi. Ukame ukamfilisi baba yake Beryl, akahamia Peru, naye binti akabaki akifunza farasi huko Molo. Ndipo Kibii anapotokea tena. Sasa ni mtu mzima, anaitwa arap Ruta, na amekuja kufanya kazi kwake. Aliyekuwa rafiki amekuwa mtumishi. Markham anaiona tofauti hiyo. Anasema wazi kwamba zamani walitembea bega kwa bega, na kwamba sasa mmoja hutangulia na mwingine hufuata nyuma. Anaisema kwa huzuni, kwa lugha nzuri sana, kisha hadithi inaendelea na ndege zake.

Mimi hapo ndipo ninaposimama. Kitabu kizima kinafahamu kwamba kuna kitu kimevunjika, lakini hakina mahali pa kukiweka. Hatusikii arap Ruta aliyaona vipi mambo hayo, alirudi kwa nini, na kama kulikuwa na kazi nyingine ambayo mtoto wa askari aliyekufa kwa ajili ya Mfalme angeweza kuipata Molo miaka ile. Nauliza hivi bila nia ya kumtukana mwandishi. Ni swali linalotokana na kujua barabara ya kutoka Njoro kwenda Molo inapita wapi, na mashamba ya kandokando yake yalikuwa ya nani kabla hayajawa ya nani.

Uhakiki wa kusimama upande wa Kibii una historia yake Kenya, na tarehe yake inajulikana. Tarehe 24 Oktoba 1968, walimu watatu wa Chuo Kikuu kule Nairobi, Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na kijana aliyeitwa wakati huo James Ngugi, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Hoja yao ilikuwa rahisi kuielewa na ngumu kuimeza: kwa nini mwanafunzi wa Kenya aanzie Uingereza ndipo afike kwao, iwapo atafika? Walitaka Afrika iwekwe katikati, na fasihi za kwingine zisomwe kwa uhusiano wake na katikati hiyo. Hawakusema tusisome Warusi wala Waingereza. Walisema tuanze kuhesabu kutoka tulipo. Na walitaka fasihi simulizi iwe nguzo ya masomo, jambo ambalo baadaye lilizaa vitabu kama kile cha Naomi Kipury kuhusu fasihi simulizi ya Wamaasai, 1983, na cha Ciarunji Chesaina kuhusu ya Wakalenjin, 1991.

Huyo James Ngugi ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuacha mwaka 2025. Mwaka 1980 alialikwa Copenhagen, na badala ya kuwapa Wadenmark maneno ya adabu aliwaeleza kinagaubaga jinsi mwandishi wao mpendwa, Karen Blixen, alivyowaona Waafrika wa shamba lake. Mgeni kusema hayo katika nyumba ya mwenyeji si jambo dogo. Ila nina kinyongo kimoja na namna waraka wa 1968 ulivyokuja kutumika. Waliofuata nyayo zake walishika neno Afrika wakaligeuza kitu kikubwa mno. Tukaanza kusoma kila riwaya kama riwaya ya bara, ya taifa, ya ukoloni na ukombozi, na mji wa kawaida wenye stesheni na soko ukapotea katikati. Kutoka London hadi Afrika ni hatua kubwa. Kutoka Afrika hadi Nakuru kunahitaji hatua nyingine, nayo haijapigwa sana.

Basi tuipige. Kitabu cha pili ni *The In-Between World of Vikram Lall* cha M. G. Vassanji. Mwandishi alizaliwa Nairobi 1950, akakulia Dar es Salaam, akasomea fizikia Marekani, kisha akahamia Kanada. Kitabu kilitoka Toronto mwaka 2003 kikapata tuzo ya Giller, na Vassanji akawa mwandishi wa kwanza kuipata mara mbili. Msimulizi, Vikram, ni Mhindi wa Kenya aliyejificha Kanada kwa sababu nyumbani ametajwa kuwa miongoni mwa mafisadi wakubwa wa bara. Lakini hadithi inaanzia hapa Nakuru, mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa Malkia Elizabeth. Vikram ana miaka minane. Wanacheza watano: yeye na dada yake Deepa, watoto wawili Waingereza wa familia ya Bruce, na Njoroge, mjukuu wa mzee Mwangi anayefanya kazi ya bustani. Kisha familia ya Bruce inauawa. Msomaji wa huku anakumbuka mara moja familia ya Ruck iliyouawa Kinangop Januari mwaka huohuo, tukio lililotikisa walowezi wote.

Wahakiki wa ng'ambo wanakipenda kitabu hiki kwa ile hali ya kuwa katikati: Mhindi kati ya mweupe na mweusi, kati ya Kenya na Kanada. Nadharia ya mseto wa tamaduni imewapa msamiati wa kutosha. Wala si uongo, jina la kitabu lenyewe linasema hivyo. Lakini kiweke kando ya kile cha Markham uone kinavyogeuka. Markham na Kibii, Vikram na Njoroge. Watoto wanacheza pamoja ardhi ikiwa ya mmoja tu kati yao, au ya mwingine ambaye hayupo, kisha utu uzima unakuja na kudai hesabu. Kwa Markham hesabu hiyo inalipwa kwa sentensi chache za majonzi. Vassanji ameitandaza katika riwaya nzima. Njoroge wake anakua, anasoma, anampenda Deepa, anataka mambo ya ardhi yasemwe, na anakufa kwa sababu hiyo. Ni kana kwamba Vassanji amekwenda Njoro, akamwambia Kibii asimame, akampa jina na sauti na hasira. Hata hivyo bado ni Vikram anayesimulia. Bado Njoroge anaonekana kutoka nje, kupitia dirisha la duka la Mhindi. Nakuru ya wafanyakazi wa reli, ya maskwota waliofukuzwa mashambani, ya Bondeni na nyumba zake za zamani, inapita mbele ya dirisha hilo.

Uhakiki wa kuviweka vitabu kando kwa kando una baba yake pia. Edward Said, Mpalestina aliyefundisha New York, alionyesha mwaka 1993 jinsi ya kuisoma riwaya ya Jane Austen huku sikio likisikiliza shamba la miwa la Antigua linalotajwa mara chache tu ndani yake. Aliazima mbinu hiyo kutoka kwa muziki wa piano alioupenda: sauti mbili kwa wakati mmoja. Namshukuru, lakini yeye alilazimika kusoma kitabu cha mtawala na kukisia sauti ya mtawaliwa. Nakuru tuna bahati kumzidi. Sauti zetu zimeandikwa na watu mbalimbali, kuhusu mahali pamoja, katika muda wa miaka 75.

Kitabu cha tatu ni cha Peter Kimani, *Dance of the Jakaranda*, kilichochapishwa New York mwaka 2017. Nacho kinaanza na treni. Reli ilifika Nakuru karibu mwaka 1900, Desemba 1901 ikafika Ziwa Victoria, na mji huu ni mtoto wake, ukapata hadhi ya taunishipu 1904 na ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Lakini kabla ya chuma kuletwa, hadithi yake ilikuwa imetangulia. Kimnyole arap Turukat, orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi, alitabiri nyoka atakayekuja akitema moshi. Aliuawa na watu wake mwenyewe mwishoni mwa karne ya 19, na mwanawe, Koitalel arap Samoei, akaja kuongoza vita dhidi ya Waingereza na reli yao hadi alipopigwa risasi Oktoba 1905. Wakikuyu nao wana Mugo wa Kibiru na nyoka wake wa chuma, Wakamba wana Syokimau. Kimani ameichukua taswira hiyo ya simulizi na kuitia katika riwaya ya Kiingereza, na ndiyo maana kurasa zake za mwanzo zina mapigo tofauti na ya Vassanji, ingawa vitabu vyote viwili vina babu Mhindi aliyekuja kujenga reli.

Hapo waraka wa 1968 unazaa matunda. Mhakiki anayeijua fasihi simulizi ya Bonde la Ufa atasikia kitu katika Kimani ambacho mhakiki wa Brooklyn hatakisikia. Na mhakiki wa Brooklyn naye hatakosa lake, pengine ataona ucheshi na mtindo wa hadithi za mapenzi ambao sisi tunaupita haraka tukitafuta historia.

Hadithi yenyewe ni ya mwaka 1963. Hoteli ya Jakaranda, Nakuru, kijana mwimbaji aitwaye Rajan anabusiwa gizani na mwanamke asiyemjua, naye anamtafuta mji mzima. Hoteli ile ilikuwa nyumba. Mwingereza aitwaye McDonald aliijenga kwa ajili ya mwanamke, na mwanamke akamkataa. Msomaji wa Njoro hahitaji kuelezwa zaidi. Anaiona ngome ya Lord Egerton kule Ngata, iliyoanza kujengwa 1938, vita vikaikatiza, ikakamilika 1954, na bwana mwenyewe akafa 1958 bila mke. Wazee husimulia kwamba baada ya kukataliwa hakutaka mwanamke yeyote akanyage pale. Leo watu hufanyia arusi kwenye uwanja wake. Kimani naye ameigeuza nyumba ya namna hiyo kuwa klabu ya dansi ambako rangi zote zinagongana usiku wa kuamkia uhuru. Shikilia nyumba hiyo akilini, msikilizaji, nitaihitaji.

Cha nne nitakipitia haraka, ingawa mwandishi wake ndiye mtoto wa Nakuru kuliko wote. Binyavanga Wainaina alizaliwa hapa Januari 1971. Baba yake alikuwa mkurugenzi wa Bodi ya Pareto, mama yake, aliyetoka Uganda, alikuwa na saluni mjini. Alipata tuzo ya Caine ya Uingereza mwaka 2002 kwa hadithi ya safari ya kurudi nyumbani na kwenda Uganda kwa jamaa za mama, na mwaka uliofuata jarida la *Kwani?* likaanzishwa yeye akiwa mhariri. Mwaka 2005 alichapisha katika jarida la *Granta* makala ya kejeli kuhusu jinsi ya kuandika juu ya Afrika, na hadi leo makala hiyo inafundishwa vyuoni kama uhakiki, ingawa haina istilahi hata moja ya uhakiki. Tawasifu yake, *One Day I Will Write About This Place*, ilitoka 2011. Alifariki Mei 2019.

Uzuri wa tawasifu hiyo kwa somo letu ni kwamba hakuna mlowezi wa kulaumiwa ndani ya chumba. Ni Nakuru ya tabaka la kati, ya redio na televisheni, ya Moi, ya mtoto anayejificha ndani ya riwaya za watu wengine. Baada ya kuisoma, ukirudi kwa Vassanji na Kimani unagundua kwamba wote wawili wanaitazama Nakuru kama mahali ambapo jambo fulani lilitokea zamani. Wainaina anaitazama kama mahali ambapo mtu anachelewa shule. Mimi naona hilo ni kosa la wale wawili, si la Wainaina.

Sasa twende darasani, kwa sababu huko ndiko uhakiki mwingi wa nchi hii unakofanyika, watu wapende wasipende. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, kidato cha nne: eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne. Tambua mbinu mbili za lugha. Fafanua sifa za mhusika. Jadili maudhui. Walimu wengi wa vyuo huicheka namna hii, na kweli miongozo inayouzwa barabarani imeua riwaya nyingi kabla hazijafunguliwa. Lakini sioni aibu kuitetea kidogo. Muktadha wa dondoo unamlazimu mtoto ajue nani anasema, kwa nani, wapi na kwa nini. Maprofesa wangapi wameandika juu ya Kibii bila kujibu maswali hayo manne?

Tatizo lake liko kwingine. Kila kitabu kinasomwa peke yake, ndani ya karatasi yake, kama mgonjwa aliyetengwa. Fikiria mwanafunzi wa Nakuru wa mwaka 2019. Katika mkoba wake mlikuwa na *Chozi la Heri* cha Assumpta Matei, riwaya inayoanza na Ridhaa aliyepoteza familia yake katika moto wa ghasia za baada ya uchaguzi. Mlikuwa na *A Doll's House*, tamthilia ya Ibsen ya Norway ya mwaka 1879. Mlikuwa na *The Pearl* cha Steinbeck, hadithi ya wavuvi wa Meksiko. Mwanafunzi huyo alibeba fasihi ya dunia mgongoni kwenda na kurudi shule, na hakuambiwa. Aliambiwa ni "setibuku." Mwalimu wa Kiswahili alifundisha Matei saa mbili, mwalimu wa Kiingereza akaingia na Ibsen saa nne, na ukuta kati ya vipindi hivyo viwili haukuwahi kubomolewa. Tena mwanafunzi huyo alikaa karibu na uwanja wa maonyesho ambako wakimbizi wa ndani wa mwaka 2008 walipigiwa mahema. Hakuna swali la alama nne linaloweza kubeba jambo hilo.

Na ndani ya mkoba huohuo kulikuwa na kitabu cha tano.

*Blossoms of the Savannah* cha Henry ole Kulet kilichapishwa Nairobi mwaka 2008, kikapata tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata, na kuanzia 2018 kikawa kwa miaka kadhaa kitabu cha lazima kwa shule zote za sekondari. Kwa hivyo kimesomwa na Wakenya wengi kuliko vile vinne vikiwekwa pamoja. Wengi wanakikumbuka kama kitabu cha Narok, cha ukeketaji na ndoa za lazima, na mtihani umekizika hapo. Lakini kumbuka kinaanzia wapi. Ole Kaelo amepoteza kazi yake Nakuru, anafunga virago na kurudi Nasila na familia yake. Binti zake wawili, Taiyo na Resian, ni watoto wa mji huu. Wanapofika Nasila wanapimwa kwa mila ambazo Nakuru haikuwafunza. Na ndoto ya Resian, ile anayoishikilia kurasa zote hizo huku watu wazima wakimpangia mengine, ni kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Egerton.

Egerton! Shule iliyoanzishwa Njoro mwaka 1939 na bwana yuleyule wa ngome, kwa ajili ya kuwafunza vijana wa Kizungu kilimo, ikaja kuwa chuo kikuu kamili 1987. Sasa lete ile nyumba niliyokuomba uishikilie. Kimani alichukua upande mmoja wa urithi wa bwana huyo, jumba la mapenzi yaliyokataliwa, akalifanya ukumbi wa dansi. Ole Kulet alichukua upande wa pili, chuo, akakifanya mlango ambao msichana wa Kimaasai anataka kupita ili mwili wake na akili yake viwe mali yake. Mwanamume ambaye inasemekana hakutaka kuona mwanamke karibu naye, jina lake limekuwa ndoto ya Resian. Sidhani kama ole Kulet alikusudia kejeli hiyo. Lakini ipo, na ukiwa na vitabu viwili mkononi na nauli ya kwenda Njoro huwezi kuikosa. Nadharia ya Casanova haikuonyeshi, kwa sababu ole Kulet hayumo katika ramani yake. Ya Moretti haikuonyeshi, kwa sababu kwa mbali riwaya hizo mbili ni nukta mbili zisizofanana. Hata Damrosch atakuambia cha Kimani ni fasihi ya dunia na cha ole Kulet bado, kwa kuwa hakijasafiri.

Kusafiri kuna njia zake, nazo tunazijua. Nyerere alimleta Shakespeare kwa Kiswahili miaka ya 1960. Clement Ndulute akamleta Achebe kama *Shujaa Okonkwo* mwaka 1973. Juzi tu, 2022, Ida Hadjivayanis akakirudisha *Paradise* cha Abdulrazak Gurnah nyumbani kwa jina la *Peponi*, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli. Kwa upande mwingine, kumbuka Makerere, Juni 1962. Waandishi wa Afrika walialikwa kujadili fasihi ya bara, sharti likiwa wawe wameandika kwa Kiingereza, na Shaaban Robert, aliyeandika kwa Kiswahili, hakuwa miongoni mwao. Alifariki mwezi huohuo, Dar es Salaam.

Kwa hivyo ningekuwa na darasa la kidato cha tatu, Njoro au Kaptembwo, nisingeanza na Goethe. Ningechukua kurasa ambazo arap Ruta anafika Molo kuomba kazi, nizitie katika Kiswahili bila jina la mwandishi. I. A. Richards aliwafanyia hivyo wanafunzi wake wa Cambridge miaka ya 1920, akawapa mashairi bila majina ili waone maneno kabla ya sifa. Kando yake ningeweka kurasa za Resian akiwaza Egerton, nazo bila jina. Kisha ningewauliza swali la muktadha, lile lile la alama nne: nani anasema, kwa nani, wapi, kwa nini. Halafu la tano, ambalo halimo katika karatasi: kati ya watu hawa wawili, ni nani mji huu ulimpa shule, na mwingine alinyimwa na nani?